Gemu Zinapofanya Vituko vya Picha kwenye Kompyuta ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kompyuta nyingi tunazochezea gemu zilianza maisha kwenye ofisi ya mtu mwingine. ThinkPad T420, EliteBook 8460p, Optiplex 790: zote ni za mwaka 2011, zimestaafu kazi ughaibuni, zikapita Kariakoo au Luthuli Avenue, zikaishia mezani kwako. Hazikuundwa kwa ajili ya gemu, lakini zinacheza. Majibu haya ni ya siku ile picha inapoanza kutoa mistari, miraba na rangi zisizoeleweka.

## Kabla hujafungua skrubu

1. Picha inaharibika. Nianzie wapi?

Piga picha ya skrini. Si kwa kamera ya simu, bali kwa kitufe cha Print Screen, wakati hitilafu inaonekana. Kisha ihamishie picha hiyo kwenye simu uitazame huko. Ukiiona ile mistari au ile miraba ndani yake, kosa limetokea kabla picha haijatoka kwenye kadi ya picha: ni gemu, draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), RAM, joto au kadi yenyewe. Ikiwa picha ni safi, kompyuta yako inachora vizuri na mchawi yuko mbele: kebo, soketi au kioo. Gemu nyingine hutoa picha nyeusi tupu ukibonyeza Print Screen; hizo ziweke kwanza zicheze ndani ya dirisha.

Fundi mmoja aliwahi kuniambia kadi imekufa, akataja bei ya ubao mama mzima. Skrini yangu ilikuwa imegeuka njano kila kitu. Kumbe pini moja ya kebo ya VGA ilikuwa imepinda, rangi ya bluu haipiti. Tangu siku hiyo hakuna anayegusa mashine yangu na bisibisi kabla ya Print Screen.

Kwenye laptopu ongeza kipimo kingine: inua na uinamishe kioo polepole. Mistari ikija na kuondoka kufuatana na pembe, ni ile kebo bapa inayopita kwenye bawaba. Na kwa mashine yoyote, tazama nembo ya kampuni wakati wa kuwaka na uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine inayotangulia Windows. Hapo Windows haijaamka na draiva haijapakiwa. Vituko vikionekana hata hapo, ruka maswali ya draiva na gemu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "Joto, RAM na umeme".

2. Je, sura ya hitilafu inasema lolote kuhusu chanzo chake?

Inasema mengi. Picha inayokatika katikati, nusu ya juu na nusu ya chini hazikutani ukigeuka haraka, si ugonjwa. Ni suala la VSync, mpangilio wa kulinganisha kasi ya kadi na ya kioo (swali la 11). Kuta na barabara za mbali zinazopepesa kama taa mbovu pia si kufa kwa kadi (swali la 12). Wachezaji weusi tii, nyasi zisizokuwepo, anga lenye rangi ya waridi: mshuku draiva au patch (nyongeza) ya gemu. Lakini miraba midogo iliyopangika kama ubao wa drafti, nukta za rangi zilizotapakaa hata kwenye desktop, au pembetatu ndefu zinazochomoza kutoka kwenye mwili wa mchezaji hadi angani, hizo ni dalili za kumbukumbu ya picha iliyochoka au joto.

3. Nitajuaje mashine yangu ina kadi gani?

Bonyeza Windows na R, andika dxdiag, fungua ukurasa wa Display. Ukitaka maelezo zaidi, GPU-Z ni ya bure na ni ndogo.

Kwa mashine za mtumba, namba ya prosesa inatosha kukupa picha. Laptopu ya Core i5 yenye namba kama 2520M ina Intel HD 3000. Yenye 3320M ina HD 4000. Kompyuta za mezani huwa na chipu dhaifu kidogo: i5-2400 ina HD 2000, i5-3470 ina HD 2500. Tofauti kati ya vizazi hivi si kasi peke yake. HD 3000 inaishia DirectX 10.1, wakati HD 4000 inafika DirectX 11 (DirectX ni lugha ambayo gemu za Windows huitumia kuiagiza kadi ichore). Gemu inayodai 11 haitafunguka kwenye ya kwanza hata ukiijaza RAM mpaka juu.

## Draiva

4. Nimeweka Windows upya, sasa hata gemu nyepesi inaenda kama slaidi za harusi. Kwa nini?

Fungua Device Manager, tazama chini ya Display adapters. Ukikuta maneno Microsoft Basic Display Adapter, Windows haina draiva ya kadi yako na prosesa ndiyo inayobeba kazi yote ya kuchora. Unganisha intaneti, acha Windows Update imalize yote pamoja na yale masasisho ya hiari, kisha uwashe upya. Kama haikuleta kitu, nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine na utafute kwa jina la modeli.

5. Draiva mpya zaidi ndiyo bora zaidi?

Kwa kadi ya zamani, hapana. Kila kadi ina draiva yake ya mwisho, na baada ya hapo mpya haziihusu tena. Familia ya GeForce 400 na 500 iliishia toleo 391.35, mwaka 2018. Radeon HD 5000 na 6000 ziliachwa mwaka 2015 na toleo 15.7.1, likifuatiwa na la majaribio 16.2.1 mwaka 2016. Intel haikutoa kamwe draiva rasmi ya HD 3000 kwa Windows 10. Unayoikuta imeletwa na Microsoft kupitia Windows Update, na ndani yake ni ile ya zama za Windows 7 na 8.

Ukibadilisha draiva, ondoa ya zamani kwanza kwa Display Driver Uninstaller, ukiwa kwenye Safe Mode (Windows ikiwaka na draiva za msingi tu) na intaneti imezimwa. Usipozima intaneti, Windows itawahi kukurudishia ileile unayoikimbia. Mabaki ya draiva mbili zilizopandana ni chanzo kikubwa cha vituko, hasa mashine iliyowahi kuvaa kadi ya AMD kisha ikawekwa ya NVIDIA.

6. Vipi zile programu zinazojaza draiva zote kwa mpigo?

Zinaokoa pale laptopu haina hata draiva ya Wi-Fi. Kwa kadi ya picha sizipendi: hubahatisha toleo, na huja na programu tatu nne ambazo hukuziomba.

7. Gemu inaganda, skrini inakuwa nyeusi, halafu unatokea ujumbe "Display driver stopped responding and has recovered". Ni nini?

Windows huipa kadi sekunde 2 za kujibu. Ikipitiliza, Windows huidhania imekufa, huifufua draiva na kukuandikia ujumbe huo. Ikitokea mara moja kwa mwezi, puuza. Ikitokea kila mechi, sababu ni mojawapo ya tatu: draiva mbovu (swali la 5), joto (swali la 14), au kadi inayonyimwa umeme wa kutosha na pawa saplai iliyozeeka. Mtandaoni utaona watu wanashauri kuongeza zile sekunde kupitia rejista, kwenye thamani iitwayo TdrDelay. Ukifanya hivyo utangoja zaidi mbele ya skrini iliyoganda, na ugonjwa utabaki palepale.

## Gemu zenyewe

8. Inasema d3dx9_43.dll haipo, na mimi nina DirectX 12. Inakuwaje?

DirectX 12 haikubeba ndani yake vile vifaa vidogo vya DirectX 9 ambavyo gemu za miaka ya 2005 hadi 2012 huvitegemea. Microsoft huvitoa kama kifurushi tofauti kinachojulikana kama DirectX End-User Runtimes cha Juni 2010. Kiweke mara moja, na jamaa zote za d3dx9, d3dx10 na xinput zitakuwepo. Usipakue dll moja moja kwenye tovuti za ajabu. Ni kama kununua dawa kwa mpita njia: hujui ndani kuna nini, na kesho utakosa nyingine.

9. GTA San Andreas: rangi zimezidi, inastaki, na magari yana tabia za ajabu. Nifanye nini?

Hii ndiyo inayoulizwa kuliko zote, kwa hiyo tuijibu vizuri.

Kwanza, je, uliinunua kwenye flashi ikiwa imeandikwa "HD" au "2024"? Fungua folda ya gemu. Ukikuta faili la d3d9.dll na lingine la enbseries.ini, mtu amebandika ENB, ambayo hupaka mwanga na vivuli vizito juu ya gemu ya mwaka 2005. Kwenye HD 3000 hiyo ni adhabu. Hamisha d3d9.dll nje ya folda, uwashe gemu, uone. Mara nyingi hadithi inaishia hapo.

Pili, Frame Limiter iache ikiwa imewashwa. Watu huizima ili gemu iende haraka, lakini mwendo wa mambo mengi ndani ya San Andreas umefungwa kwenye idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Ukizima, CJ huogelea kama amefungwa jiwe mguuni, na magari hubadilisha tabia. Halafu kadi huchora fremu nyingi kupita mahitaji na kupata joto bure.

Tatu, ikiwa gemu inakataa kufunguka baada ya kubadilisha kioo au kadi, futa faili la gta_sa.set lililo ndani ya Documents, kwenye folda ya GTA San Andreas User Files. Litajitengeneza upya, na utapoteza mipangilio tu. Sevu zako ni mafaili mengine. Nne, weka SilentPatch. Ni ya bure, inarekebisha makosa ya asili pamoja na kipanya kinachogoma kwenye Windows mpya, na haibadilishi sura ya gemu.

10. PES 2013 yangu ina patch ya msimu mpya. Wachezaji wanatokea bila nyuso, au gemu inajifunga katikati ya mechi. Kadi imechoka?

Jaribu kwanza bila patch. PES 2013 ni gemu ya biti 32, na programu za aina hiyo kwa kawaida hupewa na Windows nafasi ya kumbukumbu ya GB 2, hata kama mashine ina GB 16. Patch zenye jezi, viatu, viwanja na nyuso za ubora wa juu hujaza nafasi hiyo upesi. Ikijaa, kitakachokosa pa kukaa hakichorwi, au gemu inakata roho. Gemu tupu ikicheza mechi nzima bila tatizo, kadi yako ni nzima. Tafuta patch nyepesi, au punguza viwanja.

Kumbuka pia kwamba mipangilio ya ubora haimo ndani ya gemu: kuna programu ndogo ya settings.exe kwenye folda hiyohiyo.

11. Picha inachanika ninapogeuka haraka.

Kioo chako hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na kadi inaleta fremu kwa saa zake yenyewe. Zikipishana, unaona nusu ya fremu ya zamani na nusu ya mpya. Washa VSync ndani ya gemu. Kama mashine haifiki fremu 60, VSync inaweza kukushusha ghafla hadi 30. Hapo ni bora kuizima na kuvumilia mchaniko kidogo.

12. Vitu vya mbali vinapepesa, alama za barabarani zinazama na kuibuka. Kwa nini?

Kadi hutunza, kwa kila nukta ya skrini, namba inayosema kitu kiko umbali gani, ili ijue kipi kiko mbele ya kipi. Namba hiyo ikiwa ya biti 16, kuna hatua 65,536 tu za umbali wote, na nyingi zimerundikwa karibu na macho yako. Huko mbali, rangi ya barabara na lami yenyewe zinapata namba ileile, zikaanza kugombania nafasi. Gemu za zamani zikiwa na chaguo la rangi za biti 16 au 32, chagua 32. Mara nyingi kipimo cha umbali nacho hupanda hadi biti 24. Kama hakuna chaguo, ni kasoro ya gemu yenyewe.

13. Kwenye Age of Empires II nyasi zimekuwa zambarau na maji mekundu. Na Minecraft haifunguki kabisa. Ni tatizo moja?

Ni mawili tofauti, ingawa mashine ni moja.

Toleo la asili la Age of Empires II, la mwaka 1999, linatumia rangi 256 zilizopangwa kwenye jedwali. Windows 7 na ndugu zake huja kulivuruga jedwali hilo gemu ikiendelea. Dawa ya haraka: fungua Task Manager, funga explorer.exe, cheza, ukimaliza iite tena kupitia Run. Dawa ya kudumu ni cnc-ddraw, faili dogo unaloweka kwenye folda ya gemu.

Minecraft ya Java, kuanzia toleo 1.17 la Juni 2021, inadai OpenGL 3.2, ndugu wa DirectX. HD 3000 kwenye Windows inaishia 3.1. Umekosa kwa hatua moja, na hakuna mpangilio utakaokuvusha. Baki na 1.16.5, au soma swali la 19.

## Joto, RAM na umeme

14. Dakika ishirini za kwanza shwari, halafu miraba inaanza. Ni joto?

Karibu kila mara. Washa HWiNFO au HWMonitor, cheza mpaka vituko vianze, kisha toka uone joto la juu lililorekodiwa. Chipu za Intel za laptopu za enzi hizo hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100. Kadi inayozidi 90 kwenye gemu ya mwaka 2006 inaomba msaada.

Fungua, safisha. Feni ishikilie kwa kidole unapopuliza, isizunguke kwa upepo wa blowa ikaharibika. Tazama hasa kati ya feni na yale mapezi ya shaba. Vumbi hujikusanya hapo likawa kama kipande cha blanketi, na kwa nje huwezi kuliona. Wanaoishi pwani wanalijua hili zaidi, kwani unyevu wa chumvi huligandisha. Kisha futa pesti ya zamani (ile inayopitisha joto kutoka kwenye chipu) kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya dengu. Pesti ya mwaka 2011 ambayo haijaguswa huwa imekauka kama chaki.

Kuweka laptopu juu ya godoro nako ni kuiziba pua.

15. Nina kadi ya ndani ya Intel. RAM inahusiana vipi na picha?

Inahusiana kwa kila kitu, maana kadi ya ndani haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ya mashine.

Kwa sababu hiyo, RAM mbovu huonekana kama kadi mbovu. Kabla ya kuhukumu, endesha MemTest86 kutoka kwenye flashi usiku kucha. Kama huna subira, toa kipande kimoja cha RAM, cheza, kisha badilishana.

Kasi nayo inategemea idadi ya vipande. DDR3-1333 hupitisha takribani GB 10.6 kwa sekunde kwenye njia moja. Ukiweka vipande viwili njia zinakuwa mbili, GB 21.3. Vipande viwili vya GB 4 vitakuchezea vizuri kuliko kimoja cha GB 8, na wauzaji wengi hawatakwambia, kwa sababu kimoja ndicho walichonacho kwenye droo.

16. Nimenunua chaja mpya, na tangu hapo gemu zinakwenda taratibu.

Baadhi ya laptopu, Dell zikiwemo, huihoji chaja kwanza. Zisipoitambua, BIOS hupunguza kasi ya prosesa na kuacha kuchaji betri. Ukiwasha unaweza kupata onyo kuhusu aina ya chaja. Watu hubonyeza kitufe na kulisahau. Azima chaja halisi kwa jirani ujaribu.

17. Fundi anasema ataipasha kadi joto kwa hewa ya moto na itapona. Nikubali?

Inaweza kuamka, na inaweza kufa tena wiki ijayo. Historia iko hivi: Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kutokana na udhaifu wa viungio ndani ya chipu. Joto la fundi hurudisha mguso kwa muda, lakini hakuna alichokitengeneza. Kama ni kuokoa mafaili, kubali. Kama analipisha kama tiba, kataa.

18. Nimenunua GTX 1050 Ti kwa bei ya kutupa. Gemu nzito inatoa miraba na kuganda, nyepesi haina shida. Kwa nini?

Huenda si GTX 1050 Ti. Kuna kadi nyingi za kughushi: ndani ni GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti, BIOS yake imeandikwa upya ili ijitambulishe kwa jina la kifahari na kudai GB 4 wakati inayo GB 1. Gemu ikivuka GB 1, inaandika mahali pasipokuwepo, na hapo ndipo miraba inapozaliwa. GPU-Z tangu toleo 2.12, la mwaka 2018, huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi za namna hiyo. Itazame kabla hujatoka dukani.

Kwa Optiplex nyembamba, ulizia GT 1030: ni fupi, inakula wati 30, haihitaji waya wa ziada. Lakini hakikisha kumbukumbu yake ni ya GDDR5. Ya DDR4 ina jina lilelile na karibu theluthi moja ya kasi ya kumbukumbu: GB 16.8 kwa sekunde dhidi ya 48.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nikihamia Linux nitapata nafuu?

Kwa Intel za zamani, wakati mwingine ndiyo. Draiva za Mesa, zile za picha za Linux, bado zinatunzwa, na HD 3000 hupata OpenGL 3.3 badala ya 3.1 ya Windows, kiasi cha kuvusha ile Minecraft ya swali la 13. Usitegemee DXVK, ile inayotafsiri DirectX kwenda Vulkan (ndugu mwingine wa aina hiyo), kwa kuwa HD 3000 haina Vulkan.

20. Laptopu ina Intel na NVIDIA pamoja. Gemu inatumia ipi?

Mara nyingi ile usiyoitaka. Kwenye Windows 10 ya kuanzia mwaka 2018, nenda Settings, System, Display, kisha Graphics, uiongeze gemu na uchague High performance.

21. Na kama hiyo NVIDIA ndiyo imekufa?

Basi fanya kinyume chake. Ingia Safe Mode, izime ndani ya Device Manager kwa kuchagua Disable, uwashe upya. Baadhi ya mashine zina chaguo hilo ndani ya BIOS, na huko ndiko bora, maana Windows haitaigusa tena. Hili hufanya kazi pale tu kioo kimeunganishwa kupitia Intel. Kama skrini inazimika kabisa ukiizima NVIDIA, mashine yako si ya aina hiyo. Ikikubali, utakuwa na HD 3000 au HD 4000 kama kila mtu mwingine, na majibu ya swali la 9, 10 na 15 yatakuhusu wewe pia.